Isiolo katika Historia ya Elimu ya Afya ya Dunia

Ushirikiano wa vyuo vikuu vya Kenya na vya ng'ambo katika kufundisha afya ya dunia, yaani taaluma inayoshughulikia magonjwa na mahitaji ya afya yasiyotambua mipaka ya nchi, umezoeleka kuandikwa kama historia ya Nairobi na Eldoret, kwa sababu huko ndiko ziliko hospitali kuu za kufundishia, ofisi za miradi na mabweni ya wanafunzi wageni. Isiolo hutajwa pembeni, mara nyingi kama jina la mahali ambapo sampuli zilichukuliwa. Hata hivyo mji huo, uliokaa pale ambapo miteremko ya Meru inaishia na nchi kame ya kaskazini inaanza, una sehemu yake katika historia hiyo, na sehemu hiyo ni ya zamani kuliko chuo kikuu chochote cha Kenya.

Serikali ya kikoloni iliitenga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojulikana zaidi kwa herufi NFD, kwa kutumia sheria ya mwaka 1902 ya wilaya za pembezoni, ambayo iliwapa maofisa uwezo wa kumzuia mtu kuingia au kutoka bila kibali, na Isiolo ikaja kuwa makao makuu ya wilaya hiyo na lango lake la kusini. Katika miaka ya 1920 Idara ya Mifugo iliweka hapo karantini, yaani eneo la kuwazuilia wanyama hadi ithibitike kwamba hawana ugonjwa wa kuambukiza. Hofu kubwa ilikuwa homa ya mapafu ya ng'ombe pamoja na sotoka, ugonjwa ambao katika miaka ya 1890 ulikuwa umefyeka ng'ombe na nyati wa Afrika Mashariki na kuwaacha wafugaji wengi bila kitu. Kwa kuwa ranchi za walowezi wa Laikipia zilikuwa upande wa pili wa karantini hiyo, ng'ombe wa Waborana, Wasomali na Wasamburu ndio waliosubiri, wakapimwa, wakachanjwa na kusubiri tena, ilhali mwenye mifugo alihesabu siku na malisho yaliyokuwa yakiisha. Karantini ilikuwa na sababu za kitabibu zisizokanushika, lakini ilikuwa pia chombo cha soko, kwani kila ilipofungwa ng'ombe wa kaskazini hawakufika mnadani na mlowezi alibaki bila mshindani. Mtindo uliozaliwa hapo utaonekana mara kwa mara katika masimulizi haya: kipimo kinafanyika Isiolo, na anayekingwa nacho yuko kwingine.

Elimu iliyoongoza vipimo hivyo ilikuwa na makao yake Uingereza. Shule ya tiba ya nchi za joto ya Liverpool ilianzishwa mwaka 1898 na ile ya London mwaka 1899, zote zikiwa na kazi ya kuwaandaa madaktari wa dola kwa magonjwa ambayo hawakuyaona walikosomea. Kenya ilikuwa na maabara ya mifugo Kabete, karibu na Nairobi, na maabara hiyo ndiyo iliyotoa mchango ambao hadi leo unasomwa na kila mwanafunzi wa magonjwa ya kaskazini. Mwaka 1930 wanakondoo walianza kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, na mwaka uliofuata R. Daubney na J. R. Hudson, madaktari wa mifugo wa Kabete, wakishirikiana na daktari wa binadamu P. C. C. Garnham, walichapisha maelezo ya ugonjwa mpya unaosababishwa na virusi na kuenezwa na mbu, walioupa jina la Homa ya Bonde la Ufa. Wachungaji waliowahudumia kondoo wagonjwa walikuwa wameugua pia. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba ugonjwa huo ulieleweka kwa sababu daktari wa mifugo na daktari wa binadamu walifanya kazi pamoja, jambo ambalo miaka 80 baadaye litarudishwa vyuoni kwa jina la Afya Moja na kufundishwa kana kwamba ni uvumbuzi mpya. Garnham baadaye alikuwa profesa katika shule ya London, na ujuzi alioupata Kenya ukageuka kuwa mihadhara huko. Hiyo ilikuwa ndiyo njia ya kawaida ya maarifa wakati huo.

Uhuru ulibadilisha mambo Nairobi haraka kuliko kaskazini. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiliundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na Kitivo cha Tiba cha Nairobi kilifunguliwa mwaka 1967 kwa msaada wa walimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow cha Uskochi na cha McGill cha Kanada, huku Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado cha Marekani kikisaidia mafunzo ya udaktari wa mifugo Kabete. Lengo la ushirikiano wa kizazi hicho lilikuwa wazi, nalo lilitimizwa: wageni walikuja kufundisha hadi wapatikane Wakenya wa kuchukua nafasi zao. Nairobi ilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, Wakenya walikuwa wameanza kushika uongozi wa idara, na huenda hakuna awamu nyingine ya ushirikiano iliyokuwa na mwisho uliopangwa vizuri kama huo.

Isiolo katika miaka hiyo ilikuwa vitani. Mgogoro uliozuka mwaka 1963, baada ya wakazi wengi wa NFD kudai kuungana na Somalia, uliendelea hadi mwaka 1967, na Waborana wa Isiolo wanakikumbuka kipindi hicho kwa jina la Daaba, yaani wakati wa kusimamishwa, kwa sababu watu walikusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa ulinzi, kama vile Garba Tula na Merti, na mifugo yao ikafa au kuchukuliwa. Sheria za hali ya hatari zilizowekwa wakati huo ziliendelea kutumika katika wilaya za kaskazini, Isiolo ikiwemo, hadi zilipofutwa mwaka 1991. Mtu anayeuliza kwa nini vyuo vikuu havikujenga vituo vya kufundishia kaskazini katika miongo mitatu ya kwanza ya uhuru hana haja ya kutafuta mbali: mhadhiri na wanafunzi wake hawakuweza kwenda huko kama walivyokwenda Machakos au Kisumu, na hata baada ya amani kurudi, barabara ya lami kutoka Nairobi iliishia Isiolo kwa miaka mingi, yaliyobaki hadi Moyale yakiwa ni mawe na vumbi.

Katika kipindi hichohicho sehemu nyingine za Kenya zilikuwa zikijenga miungano ya vyuo vikuu iliyokuja kuwa mfano duniani. Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada kilianza kazi na Idara ya Mikrobiolojia ya Tiba ya Nairobi mwaka 1980 chini ya Allan Ronald, kikichunguza kidonda cha zinaa kilichokuwa kikiwasumbua madaktari wa mji, na utafiti huo uligeuka kuwa mojawapo ya misingi ya elimu ya UKIMWI barani Afrika. Muuguzi Elizabeth Ngugi, ambaye aliwapanga wanawake waliofanya biashara ya ngono katika mtaa wa Pumwani, Nairobi, katika vikundi vya kujilinda, alichangia mafanikio hayo kwa kiasi ambacho orodha za waandishi wa makala za kitaalamu haziwezi kukionyesha. Chuo Kikuu cha Washington cha Seattle kiliingia pia, na kuanzia mwaka 1988 kituo cha Fogarty cha Marekani kilitoa ruzuku za kuwasomesha watafiti Waafrika katika ngazi za uzamili na uzamivu. Huko Eldoret, madaktari wa Chuo Kikuu cha Indiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Moi walikubaliana mwishoni mwa miaka ya 1980 kulea kitivo kipya cha tiba, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1990. Walimu wa Indiana walikaa Eldoret mwaka mzima kwa zamu, wanafunzi wa Moi wakapelekwa Indianapolis, na mwaka 2001 ushirikiano huo ukazaa AMPATH, mpango mkubwa wa tiba ya UKIMWI magharibi mwa Kenya. Wanafunzi wa Moi walitakiwa pia kuishi vijijini kwa vipindi maalumu ili kujifunza afya ya jamii, na kwa mtazamo wa ufundishaji huo ndio uliokuwa mpango bora kuliko yote nchini.

Mipango hiyo yote ilihitaji hospitali isiyohama, mgonjwa anayerudi kliniki tarehe aliyopewa, na maabara yenye umeme. Mfugaji wa Merti au Sericho ambaye mwezi huu yuko kwenye kingo za Ewaso Nyiro na mwezi ujao yuko mbali na mto hakuwa na nafasi katika mpango wa namna hiyo. Kwa hiyo kaskazini iliingia katika elimu ya afya ya dunia kwa kupitia mlango wa mifugo.

Sotoka ndiyo iliyofungua mlango huo kwa upana. Chanjo yake ya zamani ilikuwa nzuri, ila iliharibika haraka ikikosa barafu, na katika nchi ambako jokofu la karibu liko safari ya siku nzima ubora wake ulibaki kwenye karatasi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Jeffrey Mariner wa shule ya udaktari wa mifugo ya Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, alishiriki kutengeneza aina ya chanjo inayostahimili joto kwa wiki kadhaa, na hapo ikawezekana kuwapa kazi ya kuchanja wafugaji wenyewe waliofundishwa kwa muda mfupi, ambao waliitwa wahudumu wa afya ya mifugo wa jamii. Pamoja na chanjo ilikuja mbinu ya utafiti inayoitwa epidemiolojia shirikishi. Epidemiolojia ni elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika makundi, na ushirikishi wake ulikuwa huu: mtafiti alikaa na wafugaji, akawapa mawe madogo au mbegu wazigawe katika mafungu kuonyesha ni ugonjwa gani unaoua zaidi na katika msimu gani, kisha akalinganisha majibu yao na vipimo vya maabara. Matokeo yaliwashangaza wasomi kuliko yalivyowashangaza wafugaji, kwa sababu mafungu ya mawe yalikubaliana na maabara kwa kiasi kikubwa.

Mfumo wa malisho unaounganisha kaskazini na mashariki mwa Kenya, kusini mwa Somalia na kusini mwa Ethiopia ulikuwa mahali pa mwisho duniani ambapo sotoka ilishukiwa kujificha. Mwaka 2001 nyati wa Mbuga ya Taifa ya Meru, inayopakana na Isiolo, walikutwa na virusi hivyo, na huo ndio mlipuko wa mwisho uliothibitishwa popote duniani. Mwaka 2011 mashirika ya kimataifa yalitangaza kwamba sotoka imetokomezwa, ikiwa ni ugonjwa wa pili kutokomezwa katika historia baada ya ndui. Ushindi huo haukupewa sherehe kubwa katika mji ambao ulijengwa kwa kiasi fulani kwa sababu ya ugonjwa huo, ingawa ulistahili.

Homa ya Bonde la Ufa ilifundisha somo gumu zaidi. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilizaa mbu kwa wingi usio wa kawaida, na katika wilaya ya Garissa peke yake watafiti walikadiria kwamba watu 27,500 waliambukizwa. Mwishoni mwa mwaka 2006 ugonjwa ulirudi, ukaanzia tena Garissa, na hadi Machi 2007 Kenya ilikuwa imeandikisha wagonjwa 684. Tofauti kati ya milipuko hiyo miwili ilikuwa ya kielimu. Mwaka 2004 Kenya ilikuwa imeanzisha mpango wa mafunzo ya epidemiolojia na maabara ya nyanjani kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa na vyuo vikuu vya Kenya vilivyotoa shahada ya uzamili. Mwanafunzi wake hutumia sehemu kubwa ya masomo kwenye milipuko halisi, na madaktari wa mifugo hukaa darasa moja na madaktari wa binadamu. Mlipuko ulipotokea, wanafunzi hao walikuwa miongoni mwa waliopelekwa.

Uchunguzi uliofanywa baadaye ulitoa ushahidi ambao haupendezi kwa taasisi. Wafugaji Wasomali wa kaskazini mashariki walikuwa wameuona ugonjwa kabla ya idara za serikali kuutangaza: waliona mvua isiyo ya kawaida, mawingu ya mbu, mimba kutupwa na damu puani mwa mifugo, na walijua maana yake kwa sababu walikuwa wameyaona yaleyale miaka 9 kabla. Kilichokosekana ni mtu wa kuwasikiliza kwa wakati.

Kutokana na milipuko hiyo, na kwa msukumo wa hofu ya homa ya ndege iliyoikumba dunia katika miaka hiyohiyo, Kenya iliunda mwanzoni mwa miaka ya 2010 kitengo kinachounganisha wizara za afya na mifugo kwa ajili ya magonjwa yanayoambukizana kati ya wanyama na binadamu, na vyuo vikuu navyo vikaungana. Mtandao wa Afya Moja wa Afrika ya Kati na Mashariki ulianzishwa mwaka 2010 ukiwa na shule 14, nusu zikiwa za afya ya umma na nusu za udaktari wa mifugo, katika nchi 6, na makao yake yakawekwa Kampala. Kenya iliwakilishwa na shule ya afya ya umma ya Moi na kitivo cha mifugo cha Nairobi. Upande wa Marekani walikuwa Tufts na Minnesota, baadaye Chuo Kikuu cha California cha Davis, na mlipaji alikuwa shirika la misaada la Marekani, USAID. Mtandao huo, ambao tangu mwaka 2020 unaitwa AFROHUN, uliandika mitaala ya pamoja na kuwapeleka nyanjani wanafunzi wa uuguzi, mifugo, mazingira na afya ya umma wakiwa kundi moja. Faida yake ilionekana hasa katika namba za magonjwa ambayo daktari wa upande mmoja asingeyaona: katika kaunti ya Marsabit, jirani wa Isiolo upande wa kaskazini, uchunguzi wa mwaka 2012 na 2013 ulikuta kwamba asilimia 46.5 ya watu waliopimwa walikuwa wamewahi kuambukizwa bruselosi, ugonjwa unaofanya mifugo itupe mimba na binadamu apate homa za kujirudia, wakati Kiambu ilikuwa asilimia 2.4 tu. Hospitali nyingi zilikuwa zikiwapa wagonjwa wa namna hiyo dawa za malaria.

Ngamia ndiye aliyeileta Isiolo yenyewe katikati ya elimu hii. Mwaka 2012 Saudi Arabia iligundua virusi vipya vya jamii ya korona vinavyosababisha ugonjwa mkali wa njia ya hewa, ambao unafahamika kwa kifupi chake cha MERS, na baada ya muda ikabainika kwamba ngamia ndiye anayevibeba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, waliungana na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo ya Nairobi na madaktari wa mifugo waliokuwa wamefanya kazi kaskazini kwa miaka mingi, wakafungua majokofu yaliyohifadhi damu ya ngamia wa Kenya iliyochukuliwa kati ya mwaka 1992 na 2013 kwa sababu nyingine kabisa. Kati ya sampuli 774, sampuli 228 zilikuwa na kingamwili, yaani chembe za ulinzi ambazo mwili huzitengeneza baada ya kukutana na kimelea. Virusi vilivyodhaniwa kuwa vipya vilikuwa vimezunguka katika makundi ya ngamia wa Kenya kwa angalau miaka 20. Makala ilichapishwa mwaka 2014, na mwandishi wake wa kwanza alikuwa mtafiti wa Bonn.

Hakuna kosa lolote katika hilo, na utafiti wenyewe ulikuwa wa hali ya juu, lakini unaonyesha kazi ilikuwa imegawanywa vipi: kaskazini ilitoa damu, Nairobi ilitoa jokofu, na Ujerumani ilitoa maabara, hoja na jina la kwanza. Kenya ilikuwa tayari imeanza kujilinda dhidi ya mgawanyo huo kwa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, ambayo inamtaka kila mtafiti, mwenyeji au mgeni, apate leseni ya tume ya taifa ya NACOSTI. Leseni humlazimisha mgeni kuwa na taasisi ya Kenya ya kumdhamini, ingawa haiwezi kumlazimisha kufundisha.

Isiolo wakati huohuo ilichaguliwa kwa sababu nyingine. Desemba 2018 serikali ilizindua majaribio ya mpango wa afya kwa wote katika kaunti 4, yaani Kisumu, Machakos, Nyeri na Isiolo, kila moja ikiwakilisha tatizo lake, na Isiolo ikiwakilisha wafugaji wanaohamahama na vifo vya akina mama wakati wa uzazi. Kwa mara ya kwanza wataalamu wa sera za afya walifika mjini humo kuuliza habari za zahanati, dawa na wahudumu wa afya wa jamii, bila kuanzia kwa mnyama. Kaunti ilikuwa na watu 268,002 kwa sensa ya mwaka 2019, waliotawanyika katika eneo linalokaribia Rwanda kwa ukubwa, na jaribio hilo lilifundisha kuhusu umbali kuliko lilivyofundisha kuhusu fedha.

Mtihani ulikuja mwishoni mwa mwaka 2020. Wachungaji wa wadi ya Sericho, katika tambarare za mto Ewaso Nyiro karibu na kinamasi cha Lorian, walianza kufa kwa homa na kutokwa damu, na mifugo nayo ikawa inatupa mimba. Vipimo vilithibitisha Homa ya Bonde la Ufa, na kufikia mwanzoni mwa Februari 2021 nchi ilikuwa imeandikisha wagonjwa 32 na vifo 11, Isiolo ikiwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika zaidi. Mlipuko huo ulitokea katikati ya janga la korona, wakati ambapo safari za kimataifa zilikuwa zimepungua sana na wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo walikuwa wamerudishwa makwao. Waliofanya kazi Sericho walikuwa maofisa wa afya na mifugo wa kaunti, wataalamu wa wizara na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Mtu anayetaka kujua kama miaka 40 ya ushirikiano ilizaa kitu anapaswa kuutazama mlipuko huo kabla ya kutazama taarifa za wafadhili, na jibu lake ni la pande mbili: wataalamu wa Kenya waliutambua ugonjwa na kuudhibiti wenyewe, lakini sampuli zilibidi kusafirishwa hadi Nairobi, na walioathirika zaidi walikuwa wamekwisha kufa kabla ya jina la ugonjwa kujulikana.

Mwaka 2022 utafiti wa ngamia ulirudi Isiolo kwa sura nyingine. Christian Drosten, kiongozi wa kundi la Bonn, alikuwa amehamia hospitali ya chuo kikuu ya Charité ya Berlin pamoja na wenzake, na mshirika wao sasa alikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi kupitia kituo chake cha uchanganuzi wa magonjwa, ambacho kinafundisha hisabati ya milipuko kwa wanafunzi wa shahada za juu. Machinjio yanayopokea ngamia kutoka kaunti za kaskazini kabla nyama haijaelekea Nairobi ndiyo yaliyochaguliwa kuwa mahali pa kazi. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa sababu badala ya kumfuata mfugaji jangwani, watafiti walikaa mahali ambapo ngamia wa kila upande wanakuja wenyewe, kama karantini ya zamani ilivyofanya, ila safari hii kwa lengo la kuelewa na si la kuzuia.

Ute wa puani ulichukuliwa kwa miezi 12 mfululizo, na hapo pakapatikana kitu ambacho ziara fupi za wageni zisingeweza kukipata: virusi havikuwepo kwa kiasi kilekile mwaka mzima, bali vilipanda mara mbili, Oktoba 2022 na Februari 2023. Watu nao walipimwa, na kati ya wafanyakazi 48 wa machinjio, 7 walikuwa na dalili katika damu kwamba wamewahi kukutana na virusi hivyo. Aina ya virusi inayozunguka Afrika inaonekana kuwa dhaifu kuliko ile ya Uarabuni, na ndiyo sababu mojawapo inayotajwa kueleza kwa nini kaskazini mwa Kenya hakujaonekana wagonjwa mahututi kama wa Riyadh. Lakini virusi hubadilika, na mchinjaji anayevuta kichwa cha ngamia kwa mikono mitupu yuko karibu navyo kuliko mtu mwingine yeyote. Makala ilichapishwa mwaka 2024, na safari hii mwandishi wa kwanza alitoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Kati ya 2014 na 2024 kilichobadilika zaidi ni jina hilo la kwanza, na katika maisha ya kitaaluma hilo si jambo dogo, kwa kuwa ndilo linaloamua nani atapata ruzuku inayofuata na nani atakuwa mwalimu wa kizazi kijacho.

Mabadiliko hayo hayajafika machinjioni kwenyewe. Mchinjaji aliyetoa damu, mwanamke wa ushirika wa Anolei anayekusanya maziwa ya ngamia kwa ajili ya wateja wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na ofisa wa mifugo wa wadi wana ujuzi unaostahili kuwa sehemu ya mtaala, na historia ya sotoka na ya homa ya mwaka 2006 imethibitisha hivyo mara mbili. Mitaala ya Afya Moja husema kwamba jamii ni mshirika, lakini mshirika ambaye hajawahi kuingia darasani kama mwalimu, wala kuletewa majibu ya damu yake kwa lugha anayoielewa, bado ni chanzo cha sampuli tu.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na baadaye USAID ikavunjwa. Miradi mingi ya mafunzo iliyotegemea mlipaji mmoja ilisimama kwa amri iliyotoka Washington, na Kenya ikaona kwa uwazi ni yapi kati ya mambo iliyoyaita ushirikiano yaliyokuwa na mizizi nyumbani na ni yapi yaliyokuwa ajira za muda. Shahada zilizokwisha kutolewa hazikuweza kufutwa, na hilo linampa haki aliyebuni mpango wa mafunzo ya nyanjani wa mwaka 2004 kuliko waliojenga ofisi nzuri.

Vyuo vikuu vitakavyokuja tena kaskazini na mikataba mipya, viwe vya Berlin, Seattle au Nairobi, visitie sahihi kabla ya kuandika ni maabara ipi ya Isiolo itakayobaki na mashine, nani atalipwa kuiendesha ruzuku ikiisha, na vijana wangapi wa kaunti hiyo watakaosomeshwa hadi wawe wahadhiri. Serikali ya Kaunti ya Isiolo, ambayo tangu mwaka 2013 ndiyo yenye dhamana ya hospitali na huduma za mifugo, ina uwezo wa kuyadai hayo, na inapaswa kuyadai.